Kivuli wa Levo ya 12

(Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazazi, Walukuba, Jinja, Siku ya Kiswahili Duniani)

Walimu wangu, wazee wetu, kina mama mlioacha biashara zenu asubuhi hii, na nyinyi wanafunzi mliokaa chini kwa sababu viti tumewapa wakubwa: hamjambo. Nashukuru kuitwa.

Mwalimu aliyenialika aliniomba nizungumzie Kiswahili na teknolojia. Nikakubali upesi, kisha nikakaa wiki mbili sina cha kusema. Mimi ni fundi wa kompyuta. Watu wananiletea mashine iliyomwagikiwa chai, naifungua, naikausha, nairudisha. Kusimama mbele za watu si kazi yangu. Basi juzi akaja mteja na kompyuta kuukuu ya marehemu baba yake, zile nzito za rangi ya maziwa yaliyokaa sana. Alitaka picha za familia zilizomo. Nikaifungua, nikapuliza vumbi, nikaiwasha. Humo ndani, kati ya barua na hesabu za mzee wa watu, nikakuta folda limeandikwa PRINCE.

Nilifunga duka mapema siku hiyo. Na hotuba nikawa nimeipata. Mkiona nimezungumza juu ya mchezo mbele ya wazee, mnisamehe. Ningezungumza juu ya kitu nisichokijua ingekuwa vibaya zaidi.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1999 nilikuwa na miaka 13. Mjomba wangu alikuwa na chumba Main Street, cha kupiga chapa na kutoa fotokopi. Mchana alichapa wosia, barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi. Jioni wateja wakiisha, aliwaachia watoto wa jirani kompyuta kwa shilingi 500 nusu saa. Sisi tulikuwa watano, kila mmoja na sarafu yake ya 100. Mmoja anacheza, wanne wanampigia kelele. Akifa, anabanduka. Mjomba alikuwa na saa ya mkononi aliyoiheshimu kuliko watu.

Mchezo wenyewe ulikuwa Prince of Persia. Aliutengeneza Mmarekani Jordan Mechner, ukatoka mwaka 1989 kwa kompyuta ya Apple II, kisha ukahamishiwa mashine nyingine, hadi ukafika kwenye ile ya mjomba wangu, kwa diski ambayo nina hakika hakuna aliyeilipia.

Hadithi yake ni fupi. Sultani wa Uajemi yuko vitani. Waziri wake, Jaffar, amenyakua madaraka. Anamtaka binti sultani, na amempa saa moja: anikubali au afe. Kijana anayempenda binti huyo ametupwa gerezani chini ya jumba. Hana jina, hana upanga, amevaa nguo nyeupe kama za kulalia. Inabidi apande kutoka shimoni mpaka juu mnarani ndani ya dakika 60. Dakika 60 za kweli, za saa ya ukutani. Ukifa unarudi mwanzo wa levo, yaani ngazi ya mchezo uliyofikia, lakini saa hairudi nawe.

Sasa sikilizeni. Mchezo wote ulikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu cha miaka 13 kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Lakini maneno mawili niliyajua kabla sijafundishwa na mtu. Sultani. Waziri. Nilikuwa nimeyasikia kwa baba, aliyekuwa akitusimulia Alfu Lela Ulela usiku umeme ukikatika. Niliamini kabisa kwamba mchezo ule umetengenezwa na mtu wa Mombasa. Mpaka leo kuna siku najisikia hivyo.

Jambo moja lilimuudhi baba nilipomweleza. Katika hadithi zake, Jaafar ni waziri wa Harun Rashid, mtu mwenye busara, anayetembea na khalifa usiku mjini wakiwa wamejibadilisha sura. “Na huko kwenye kompyuta wamemfanya mwizi?” akauliza. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia ndugu yake amesingiziwa mahakamani.

Basi nikauwasha tena juzi. Nitawaambia kwanza kilichonishangaza, ni mwendo.

Kumbukumbu yangu iliniambia kwamba mchezo ule ulikuwa wa mbio. Sivyo. Ni mchezo wa kupima hatua. Yule kijana ana uzito. Ukimwambia akimbie, anaanza taratibu kama mtu. Ukimwambia asimame, anateleza kidogo ndipo asimame, na kuteleza kule kunatosha kumtia kwenye vyuma vyenye ncha vinavyochomoka sakafuni. Kuna kitufe cha kumfanya anyate, hatua moja moja, mpaka vidole vya miguu viguse ukingo. Akiruka akakosa, anashika ukingo kwa vidole na kuning’inia, na wewe unashika pumzi. Vile vyuma vinavyofunga na kufunguka kama taya tuliviita Meno. Ukipita Meno vibaya, unabaki vipande viwili. Mama alikuja siku moja kunitafuta, akakuta kijana amekatwa kiunoni. Nilikatazwa kwenda kwa mjomba wiki nzima.

Kwa nini anatembea kama mtu? Kwa sababu ni mtu. Mwaka 1985 Mechner alimchukua mdogo wake, David, akamvika nguo nyeupe, akampeleka kwenye uwanja wa kuegesha magari, akamwambia kimbia, ruka, panda ukuta. Akampiga video kwa mkanda wa VHS. Kisha akaziweka picha zile moja moja kwenye skrini, akazipiga picha za kawaida, akafuata umbo kwa kalamu, akaziingiza kwenye kompyuta. Hatua moja ya kukimbia ni picha kadhaa, na kila picha ni kazi ya mkono. Mapigano ya upanga hakuwa na mtu wa kumwigizia, kwa hiyo akayachukua kutoka filamu ya zamani ya Robin Hood, ya mwaka 1938, pale ambapo mahasimu wawili wanaonekana kwa ubavu. Muziki aliutunga baba yake mzazi, Francis. Kazi hiyo ilimchukua miaka minne. Mchezo wa familia, kwa hakika: mdogo anaruka, baba anapiga muziki, kaka hajalala.

Mimi kama fundi napenda habari hii kuliko mchezo wenyewe. Lakini nisiwachoshe.

Niwape habari ya panya.

Kwenye levo ya 8 kuna mahali unafungua mlango wa kutokea, unageuka kuuendea, geti linashuka mbele yako. Umefungiwa. Huna pa kukanyaga, huna pa kupanda. Tulifika pale jioni moja ya Ijumaa, sote watano tumebanana, jasho la mtu linamdondokea mwenziwe. Kijana amekwama. Tukampeleka kushoto, tukamrudisha kulia. Tukaruka. Tukabonyeza kila kitufe kwenye kibodi, pamoja na vile vilivyong’oka. Mjomba akatazama juu ya miwani akasema, “Imeganda hiyo. Zimeni.” Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Tukakubaliana kwamba diski ni mbovu.

Siku ya nne walizozana wawili, zamu ya nani. Wakashikana mashati. Kibodi ikabaki haina mtu, kijana amesimama mbele ya geti amelegeza mikono. Wakiwa bado wanavutana, mdogo wetu kuliko wote, aliyekuwa hapati zamu kamwe, akasema kwa sauti ndogo: “Panya.”

Panya mweupe alikuja mbio kutoka upande wa pili wa geti, akakanyaga kile kibao cha sakafuni, geti likapanda. Alitumwa na binti sultani. Muda wote huo kilichotakiwa ni kusimama, sekunde chache tu, kumi na kitu, usiondoke. Na hatukuweza. Tulikuwa tumelipa 500, kila dakika ina bei yake, nani atasimama? Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. Kompyuta yake, mjue, kipanya chake kilikuwa kimekufa tangu mwaka uliotangulia.

Juzi nilipofika pale nilisimama. Nilikaa na mikono magotini, mtu mzima, nikimsubiri panya. Alikuja.

Sasa huyo niliyemjia leo. Kivuli.

Kwenye levo ya 4, ukishafungua mlango, linatokea pale ulipopita jioo kubwa, limeziba njia. Hakuna pa kupita ila humo humo. Unakimbia, unaruka, unapenya kioo, na kutoka upande wa pili wa kioo anaruka mtu mwingine: wewe, lakini wa nuru inayometameta, hana uso. Anakimbilia ulikotokea wewe. Uhai wako unashuka mpaka tone moja. Kuanzia hapo yumo ndani ya jumba. Levo ya 5 umeona chupa kubwa ya dawa, ile inayoongeza uhai, unaikimbilia. Anatokea yeye, anainywa, anaondoka. Levo ya 6 unaruka kwenda kwenye geti lililo wazi. Yeye amesimama ng’ambo, anasogea hatua moja, anakanyaga kibao, geti linafunga, unaporomoka. Hatujapata kumchukia kiumbe kama tulivyomchukia yule. Askari walikuwa kazini, waziri tulikuwa hatujamwona. Lakini Kivuli!

Na alizaliwa kwa umaskini. Hii niliisoma nikiwa fundi tayari, nikacheka peke yangu dukani. Kumbukumbu ya Apple II ilikuwa imejaa. Picha zote zile za David zilikuwa zimeimaliza. Mechner hakuwa na nafasi ya kumchora adui yeyote, na kwa muda mrefu alisema mchezo wake hautakuwa na mapigano. Mwenzake Tomi Pierce akamsumbua: hauchangamki, weka mapigano. Hana nafasi! Ndipo akapata njia: achukue picha zile zile za kijana, azisogeze kidogo, aziweke juu ya zenyewe kwa hesabu ya kompyuta ambayo inafuta panapofanana na kubakiza panapotofautiana. Ikatoka sura inayometa, ya mtu yule yule, bila kula nafasi. Hakuna kilichochorwa upya. Baadaye alibana huku na huku mpaka akapata nafasi ya askari pia, lakini wa kwanza alikuwa Kivuli. Wenye simu hapa zenye kumbukumbu iliyojaa picha za mialiko, mnanielewa.

Levo ya 12 anakungoja juu. Anachomoa upanga. Nawe unachomoa. Ukimpiga, uhai wake unashuka tone, na wako unashuka tone. Tulimpiga wiki mbili. Tulijaribu wa haraka, tukajaribu wa polepole, tukamleta kijana mmoja wa Masese aliyesifika kwa vidole. Kila tulipomuua tukafa naye.

Aliyemshinda ni rafiki yangu mmoja, sitamtaja jina kwa kuwa ni mtu mkubwa serikalini siku hizi na hatapenda. Alikuwa amechoka. Mama yake alikuwa amemwita mara mbili. Akasema, “Mimi naenda,” na kwa hasira akabonyeza kitufe cha chini, kinachorudisha upanga alani. Kijana akarudisha upanga. Na Kivuli naye akarudisha. Chumba kizima kikanyamaza. Rafiki yangu, mkono mmoja kwenye kibodi na mguu mmoja nje ya mlango, akamsogeza kijana mbele. Wakaendeana. Wakaingiana. Ukaangaza mwanga, na akabaki mmoja.

Mbele yake palikuwa na shimo pana lisilorukika. Akakimbia tu. Na kila alipoweka mguu hewani, kipande cha sakafu kikatokea.

Niliposimama hapa nilijiambia nisifanye mahubiri, lakini hili nitalisema kwa kuwa ni siku ya Kiswahili. Nyumba tuliyokaa hapa Walukuba, upande huu walikuwa Waacholi, upande ule Wasamia, mbele Wasoga, nyuma mzee Mlugbara na mkewe Mjaluo. Uani tulizungumza Kiswahili, kingetoka wapi kingine? Lakini likizo nikienda kwa bibi mzaa mama, Bugerere, alikuwa ananikanya mlangoni: lugha ya askari na wezi isiingie nyumbani kwangu. Bibi hakuwa mbaya. Alikuwa amesikia maneno yale usiku, kutoka kwa watu wenye bunduki, katika miaka ambayo nyinyi wanafunzi mnaisoma tu. Basi nikakua hivyo. Ndani ya teksi ya kwenda Kampala nilikuwa nakificha Kiswahili mfukoni kama kitambulisho cha mtu mwingine. Mtu akinisalimia kwa Kiswahili sokoni Owino, namjibu Luganda kibovu. Mwaka 2005 katiba ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mimi bado nakificha. Nilikuwa napigana na mtu ninayemjua mwendo wake.

Haya, nimeishia hapo. Tuendelee na mchezo.

Je, bado ni mzuri? Nitasema kweli: una kasoro. Kijana wa Uajemi ana nywele za dhahabu, sijui Waajemi wa wapi hao. Askari wake hawana akili ila ya kukata. Binti sultani, ukiacha kumtuma panya, kazi yake ni kukaa akitazama saa ya mchanga, na hilo halikunisumbua nikiwa na miaka 13 lakini juzi lilinisumbua. Majina yenyewe yaliokotwa okotwa tu. Miaka 35 ilipita, hadi 2024, ndipo mchezo wa jina hilo ukatoka ambao unaweza kuwasikiliza Waajemi wakizungumza Kiajemi chao. Na ule ulinzi dhidi ya wizi! Baada ya levo ya kwanza unaingizwa chumba cha chupa zenye herufi, unaambiwa kunywa chupa ya herufi fulani kutoka ukurasa fulani wa kitabu kilichokuja na mchezo. Kitabu hatukuwa nacho, tungekipata wapi? Tulibahatisha. Mdogo wetu yule aliweka daftari, anaandika ukurasa, mstari, neno, na herufi iliyofaulu. Mwisho wa muhula alikuwa na kurasa tatu, na wavulana wakubwa wa Main Street walikuwa wanamlipa karanga ili aje nalo.

Mechner mwenyewe alipoteza msimbo wa mchezo wake, yale maagizo aliyoiandikia kompyuta. Miaka mingi hakujua diski ziko wapi. Mwaka 2012 baba yake, yule yule wa muziki, akazikuta ndani ya boksi kabatini. Diski za sumaku zinakufa taratibu hata zikiwa zimelala, kwa hiyo walitafutwa mafundi wanaojua mashine za zamani, wakakaa nazo, wakazisoma zikasomeka, na yeye akauweka msimbo wote wazi kwenye intaneti. Mtu yeyote anaweza kuusoma. Wanafunzi wa klabu ya kompyuta, nauleta wiki ijayo. Mtaona jinsi mtu anavyobana herufi kama mama anavyobana chumvi mwisho wa mwezi.

Na ile kompyuta ya mteja niliirudisha, picha zote zimo, salama. Nilimwomba nikopi lile folda, akasema chukua, hata sikujua mzee anacheza. Tukatazama. Marehemu alikuwa amehifadhi mchezo mmoja tu. Sikuufungua; niliona si wangu.

Nyumbani nimemwekea binti yangu, ana miaka 11. Mwanzo alicheka picha. Siku ya pili hakucheka. Panya alimpata haraka kuliko sisi, kwa sababu hana mtu wa kumlipa. Jumapili usiku alifika juu mnarani, zimebaki dakika 6. Nilikuwa nyuma yake na kikombe cha chai, nimejifunga mdomo. Kivuli akatokea, akachomoa upanga. Mwanangu akachomoa. Ana mkono mwepesi kweli, kaniacha mbali. Akampiga, akampiga, akampiga. Kivuli akaanguka. Na kijana wake akaanguka.

Akageuka akanitazama. “Baba, nimemuua yeye. Mbona nimekufa mimi?”

Nikamwambia zimebaki dakika 4, ajaribu tena. Leo hayupo hapa, yuko kwa shangazi yake Iganga hadi Jumapili. Wanaomfahamu, nawaomba, msimwambie.

Ahsanteni.